Balozi Aliyenuniwa na Kaka Yake

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Najua nje theluji imefika madirishani, basi sogezeni viti karibu na jiko. Leo tunamkumbuka Adrien Sirois. Mtoto wa hapa hapa Saint-Clovis. Mbunge wetu kule Washington, kisha balozi wa Marekani ng'ambo. Amefariki Jumanne nyumbani kwake, binti yake Colette akiwa amemshika mkono.

Mnamjua. Lakini kuna jambo limenikera tangu nipate habari. Mtu huyu alipatanisha serikali mbili zilizoelekezeana bunduki. Huku nyumbani, kaka yake wa tumbo moja, Fernand, anayekaa ng'ambo ya barabara, alikuwa hamsemeshi. Miaka mingi hamsemeshi. Iliwezekanaje? Wiki hii nilikwenda kuuliza.

Tuanze shambani. Fernand na Adrien walikulia kwenye viazi, kama wengi wetu. Fernand mkubwa, Adrien mdogo. Fernand ana mikono, Adrien ana mdomo.

"Mimi najaza mapipa, mwenzangu anahoji watu," Fernand aliniambia huku akinimiminia kahawa. "Anamuuliza huyu, mbona unaanzia huku? Anamuuliza yule, mgongo wa mama yako vipi? Baba anafoka: Adrien! Viazi havitoki kwa kubembelezwa!"

Maswali hayo ndiyo yaliyompeleka bungeni. Hakuwa mtu wa hotuba. Aliingia jikoni kwa watu, akala ploye zao, vile vichapati vya moto vya kupakwa siagi, akauliza wanaishije. Aliyemwendeshea gari ni Fernand. Aliyepigilia mabango ni Fernand. Adrien akashinda, akashinda tena.

Kisha likaja suala la bwawa.

Wenye umri wangu mnalikumbuka. Serikali ilitaka kuuziba Mto Violette, itengeneze umeme. Mji wetu ulilitaka bwawa hilo kwa udi na uvumba. Kiwanda cha mbao kilikuwa kimefungwa, vijana wanahama. Fernand aliliamini mpaka akauza shamba lake, akanunua malori ya kubebea kokoto. Narudia, wasikilizaji: aliuza shamba kwa ajili ya bwawa.

Adrien naye aliliunga mkono. Mpaka siku alipopanda juu ya mto, kwenye nyumba chache ambazo zingezama. Alimkuta mjane mmoja, Bi Zélie Desjardins, akipaka rangi madirisha yake. Kisa hiki Adrien alimsimulia Colette mara nyingi.

"Mheshimiwa, hebu niambie," Bi Zélie alimwambia. "Hayo maji yataishia zizini, au yatafika na jikoni?"

"Kwani hawakukueleza?"

"Nani aje anieleze? Wewe ndiye wa kwanza kufika huku na kuchafua viatu."

Maji yangefunika hata dohani. Adrien akamwambia kweli. Bi Zélie akachovya brashi yake, akamalizia dirisha.

Adrien akapiga kura ya kulikataa bwawa. Kura zilikaribiana mno. Bwawa likafa.

Nilikuwa ukumbini siku aliporudi kujieleza. Nilikuwa mtangazaji mchanga, kipaza sauti mkononi. Alizomewa mpaka vioo vikatetemeka. Akasema, "Watu wa juu ya mto hakuna aliyewauliza. Mimi niliwauliza."

Fernand akasimama safu ya nyuma.

"Na mimi, dogo? Mimi uliniuliza?"

Fernand akavaa kofia yake, akaondoka bila kungoja jibu. Malori yakauzwa. Adrien akaangushwa kwenye uchaguzi uliofuata, na hata mtaa wake ulimkataa.

Lakini Washington walimteua kuwa balozi. Alipelekwa nchi moja ya milimani, iliyokuwa ikigombania daraja na jirani yake. Watu walikuwa wamekufa pale darajani. Mawaziri wawili, mmoja wa kila nchi, walikubali kuja nyumbani kwa balozi, lakini kuzungumza hawakutaka. Walikaa wakitazama ukuta. Siku hiyo mpishi alikuwa mgonjwa. Adrien akawaita jikoni, akampa kila mmoja kisu na beseni la viazi.

"Baba aliniambia walinzi nusura wazimie," Colette alinisimulia. "Maadui wawili, kila mtu na kisu chake!"

Wakaanza kumenya. Mara waziri mmoja akamtupia jicho mwenzake. "Ndugu yangu, ukimenya maganda mazito namna hiyo, si ajabu watu wako wana njaa."

Adrien akashika kichwa. Akajua mambo yameharibika.

Yule wa pili akanyanyua ganda lake, akaliangalia mwangani. "Mke wangu husema hivyo hivyo," akajibu. Wakacheka, kidogo kwanza, kisha sana. Siku hiyo ndipo mazungumzo yalipoanza. Hayakuwa rahisi, lakini daraja lilifunguliwa, na hadi leo watu wanavuka.

Sasa hapo nilimuuliza Colette: na nyumbani je?

"Kila Krismasi akija likizo, Baba alikuwa anasimama dirishani, anatazama taa ya baba mkubwa," alisema. "Namwambia, nenda basi. Ananijibu, kesho. Mawaziri hakuwaogopa. Kaka yake alimwogopa."

Alikwenda baada ya kustaafu. Akavuka barabara, akagonga. Haya yanayofuata nimeyapata kwa Fernand mwenyewe.

"Umekuja kuniomba radhi kwa ile kura?"

"Hapana, kaka. Kura ile ningeipiga tena."

"Sasa umefuata nini?"

"Sikukuuliza. Nilijua utaniambia nini, nikaogopa kukusikia. Ulikuwa umeuza shamba. Ilinipasa nije kwako kwanza."

Fernand anasema alishika mlango, hajui aufunge ama aufungue zaidi. "Angesema anaijutia kura, ningemfungia. Ningejua ananidanganya." Akamwambia, "Futa viatu. Maharage yako jikoni." Wakala. Wakabishana juu ya bwawa mpaka sufuria ikaisha, na wakaendelea kubishana hivyo kila Jumamosi.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio hii nampa pole Colette na wanawe. Nampa pole Fernand. Poleni na ninyi nyote mliomchagua, na mliomwangusha.

Nawaomba mtafakari jambo moja leo mkiwa mezani. Mimi bado silipatii jibu. Kwa nini njia fupi kabisa, ya kuvuka barabara tu, humshinda mtu aliyezunguka dunia?

Mazishi ni majira ya kuchipua, ardhi hii iliyoganda ikilainika. Kwa sasa Adrien amelala katika chumba cha mawe nyuma ya kanisa, kama wote wanaotutoka kipindi cha baridi. Jana nilipita pale. Nilimkuta Fernand na koleo, akiondoa theluji mlangoni, uzee wote ule. Nikamwambia, mzee wangu, mlango huu haufunguliwi mpaka Mei.

Hakuinua hata kichwa. "Najua," akasema. "Lakini ni mdogo wangu. Sipendi afungiwe."