Mama Hodi wa Banda la Pili

Leo, tarehe 30 Juni, Mama Hodi anastaafu baada ya kuhudumia mabanda yetu ya utafiti wa kuku kwa miaka thelathini na mmoja. Jina lake kamili liko kwenye faili za ofisi. Sisi tulimbandika hili kwa sababu hajawahi kuingia bandani bila kubisha hodi. Anagonga mara mbili, anasubiri, kisha anaingia taratibu kama mgeni mwenye adabu zake. Tulimcheka sana, na mimi, mpimaji wa damu pale maabara, nilicheka kuliko wote.

Mwaka wake wa kumi na tisa kazini, kuku wa banda la pili walidumaa. Walikula vizuri, uzito haukupanda. Walichanjwa, kingamwili zikaonekana kwa shida. Damu yao ilijaa homoni za msongo, ambazo zikikaa juu kwa muda mrefu hudhoofisha kinga ya kuku na kumzuia asikue. Nikaandika kwenye ripoti kwamba chanzo ni uzembe wa mhudumu. Barua ya kumwachisha kazi ikachapwa, ikabaki kusubiri sahihi tu, naye alikuwa na watoto watatu shuleni.

Hakujitetea kwa maneno mengi. Aliniomba nikae naye nje ya banda asubuhi moja, nichungulie dirishani. Nikawaona wenzangu wa maabara wakiingia kwa kishindo na kuwakimbiza kuku huku na huku ili wawapime uzito, kama tulivyofanya kila siku. Kuku walirundikana kwenye kona wakihema. Msongo tuliokuwa tukiupima tulikuwa tukiuleta wenyewe. Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa kituo kuomba barua ile ichanwe.

Mama Hodi akatufundisha upya, mkuu akiwemo: gonga, subiri, ingia, mshike kuku kwa mikono miwili, mlaze kifuani. Kundi lililofuata lilinenepa na chanjo ikashika. Kosa langu hakulitaja hata mara moja. Aliniuliza tu, kila nilipokaribia mlango, "Mwanangu, umegonga?"

Jumatatu niliingia bandani peke yangu. Niligonga, nikasubiri. Hakuna kuku aliyeshtuka.

Asante, mama. Tunakuombea siku nyingi za utulivu, pamoja na wanao na wajukuu.

Wageni waalikwa, ukumbi huu umepakana na banda la pili. Tunaomba makofi ya kumuaga yapigwe taratibu.