Spiriti Mikononi

“Usinifundishe usafi, mwanangu. Kila nikibadilisha nepi, napaka spiriti,” mlezi wa watoto alimkatiza mpimaji wa maabara aliyekaa naye basini. Chupa yenyewe ilining’inia mkobani kama medali.

“Mama, spiriti huviweza virusi vyenye ngozi ya mafuta. Hiki kirusi cha kuhara hakina, kina ganda gumu la protini tu. Usiponawa kwa sabuni na maji, unakigawa wewe.”

Mlezi akaificha mikono chini ya mkoba. Watoto sita kituoni kwake walikuwa wakiharisha, na jana alimfukuza wa kwanza kuugua, binti wa fundi cherehani, akamwita fundi huyo mchafu mbele ya wazazi wenzake.

Kabla basi halijasimama, akampigia fundi simu, abiria wakisikia. “Mama, mtoto akipona mrudishe. Mchafu nilikuwa mimi, na wazazi nitawaambia mwenyewe.”