Sista Esnah na Wanawake Waliojikata na Jembe

Marehemu Esnah Bonareri alizaliwa Gesima tarehe 3 Machi 1932, mtoto wa pili wa mzee Alfayo Nyangate na mkewe. Alisoma shule ya misheni, akafunzwa uuguzi Kisumu, akahitimu mwaka 1954. Alirudi na kofia nyeupe, saa ya kubandika kifuani, na tabia ya kutaja vitu kwa majina yake. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomponza.

Mwaka 1955 aliolewa na Bw. Cleophas Ongeri wa Suneka. Mwaka uliofuata walipata mtoto wa kiume. Mtoto akakaza taya, akaacha kunyonya, akafa kabla ya kutimiza wiki mbili. Ilikuwa pepopunda. Mwingine hakupatikana. Mwaka 1961 ng'ombe wa mahari walirudishwa Suneka, wakisindikizwa na wazee wanne. Esnah alirudi Gesima na sanduku lake, bila wa kumsindikiza.

Akaajiriwa katika zahanati ndogo ya kanisa. Sindano ya pepopunda kwa wajawazito ilipofika mwaka 1971, aliipokea kama mgeni aliyechelewa miaka kumi na mitano. Siku ya kwanza alisimama mbele ya foleni akasema, "Wajawazito waje upande huu."

Hakuna aliyesogea. Masomo yalikuwa yamemsahaulisha kwao. Gesima mimba haitajwi hadharani, maana huwezi kujua mwenye kijicho amekaa benchi gani. Mama mmoja, ambaye tumbo lake lilikuwa limemtangulia mlangoni, alisema ameleta jino linalomuuma.

Maneno yakaenea. "Hiyo ni ya kufunga kizazi," wakasema mtoni. "Mtazameni mwenyewe. Ako na mtoto?" Naye mzee Mogaka akamkataza mke wa mwanawe, Bochaberi, asikanyage pale. "Ng'ombe wa huyu msichana nilitoa mimi," alisema. "Serikali ilitoa nini, hata itake kumdunga?"

Lakini Bochaberi alikuwa amezika mtoto mmoja mwenye taya zilizokaza. Asubuhi moja akaingia kwa mlango wa nyuma, anachechemea, na mkwaruzo kwenye kidole cha mguu ambao hata kuku angeuonea aibu.

"Sista, nimejikata na jembe."

Esnah akautazama mkwaruzo, akamtazama usoni. "Pole, mama. Na hilo jembe lina miezi mingapi?"

"Mitano."

"Basi rudi baada ya wiki nne. Litakuwa limekukata tena."

Mtu aliyejikata na jembe ni lazima adungwe sindano, hilo hata Mogaka alilijua. Kufikia mwaka 1973 kina mama wa mlima wote wa Gesima walikuwa wanachechemea. Afisa wa kilimo aliitisha mkutano kuwafundisha namna ya kushika jembe. Walihudhuria wengi, wakamsikiliza kwa makini.

Watoto wakaacha kukaza taya. Na watu wakaacha kumsalimia Esnah. Kusimama naye sokoni kulikuwa sawa na kutangaza mimba, hivyo hata bibi vikongwe walivuka barabara, wasije wakasingiziwa. Kanisani alikaa benchi la watu sita peke yake. Alfajiri alikuta mkungu wa ndizi mlangoni. Mwenye mkungu hakumwona. Alipika sufuria ndogo, akala, akaosha sahani moja. Alimwambia kaka yake, Manasseh, "Nikiona mtu ananikimbia vizuri, najua amebeba salama."

Mwaka 1978 alishikwa na uvimbe tumboni. Kijiji ambacho hakikutaja mimba ya mtu yeyote kikaitaja yake, akiwa na miaka arobaini na sita. Esnah alicheka hadi akashika ubavu. Alilazwa Kisii, kitanda cha dirishani. Saa ya wageni ilipofika aligeukia ukutani, asiwasumbue wageni wa wenzake.

Jumapili moja Bochaberi aliingia wodini, anachechemea kwa mazoea.

"Jembe?" akauliza Esnah.

"Hapana, Sista. Leo nimekuja tu."

Akakaa hadi kengele ya kufukuza wageni ilipolia. Esnah aliaga dunia Jumanne, tarehe 16 Oktoba 1979.

Ameacha kaka yake, Bw. Manasseh Nyangate, wifi yake, wapwa, na watoto wa Gesima ambao mama zao hawakuwahi kumtaja. Mama zao wako hapa leo, na wametembea vizuri kabisa kutoka barabarani. Kabla ya udongo kurudishwa, familia inawaomba wasogee mbele, upande huu, wamsalimie mchana huu kila mtu akiona. Mzee Mogaka ameahidi kutazama pembeni.

Sista Esnah apumzike. Na leo asiwe peke yake.