Mwandawiro, Fundi wa Bomba la Kasigau

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Mwandawiro wa Rukanga. Fundi wa bomba, Mwandawiro, aliyezikwa Alhamisi iliyopita akiwa na miaka sitini na minne.

Mnaokunywa maji ya Kasigau mnamjua. Ndovu wakikanyaga bomba, yeye ndiye aliyepanda mlima na bomba jipya begani. Mapaja yake yalikuwa magumu kama magogo, naye aliyajivunia kweli. Mwezi wa tatu aliteleza huko juu, akavunjika nyonga. Alipasuliwa mjini Voi, upasuaji ukaenda salama. Narudia, upasuaji ulienda salama. Alirudi nyumbani na ruhusa ya kusimama kidogo kidogo.

Lakini mkewe, Tryphena, alikuwa na hofu. Je, mfupa ukiachia? Akamlaza. Akamwogesha kitandani, akamlisha kwa mkono. Majirani walileta kuku, kama ilivyo desturi yetu. Mgonjwa akapewa supu, wageni wakala nyama. Si tunasema nguvu yote iko kwenye supu? Nani hapa hajasema hivyo? Miezi mitatu, wasikilizaji. Supu na uji, uji na supu.

Siku moja Tryphena alimvua suruali aifue, akaona goti limekuwa pana kuliko paja. Akaketi chini. Kisha akampigia simu mwanawe, Ambrose, naye akaja na Evelyn, mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka Voi.

Evelyn alipima paja kwa futi ya fundi wa nguo. Halafu akasema, "Mzee, hebu kohoa."

Mwandawiro akajaribu. Kikatoka kisauti chembamba.

"Mama, miguu hainitishi sana," Evelyn akasema. "Kinachonitisha ni hicho kikohozi. Misuli ya kifua nayo imekwisha. Nimonia ikimpata sasa hivi, hataweza kutoa makohozi."

"Kwani si alikuwa anapumzika?" Tryphena akauliza.

"Msuli usipofanya kazi, mwili unaula, mama. Na hiyo supu haina cha kuujenga. Mpe nyama yenyewe. Mpe mayai, maharagwe. Na leo asimame."

Wakamsimamisha, mmoja kila upande. Tryphena alifumba macho, akingoja kusikia mfupa ukilia. Haukulia. Mzee alihesabu hadi tisa, akaketi jasho likimtoka. Kesho yake kumi na mbili. Wiki ya tatu alifika mlangoni, na paja lilikuwa limeongezeka kidogo. Tryphena akaanza kupata usingizi.

Ndipo baridi ya Julai ikaingia, na kifua cha mzee kikabana. Njia nzima kwenda hospitalini Tryphena alimpigapiga mgongoni, vile alivyofundishwa na Evelyn. "Kohoa, Baba Ambrose. Kohoa tena." Nguvu zilikuwa zinarudi, lakini hazikuwa zimefika. Alifariki siku ya pili.

Tunampa pole Tryphena, tunampa pole Ambrose na ukoo wote wa Rukanga. Inauma, na mimi inaniuma.

Juzi nilimwuliza Tryphena kama niyataje haya, nikidhani atakataa. Akaikunja leso yake, akasema:

"Yataje. Nilimpenda, na mapenzi yangu ndiyo yaliyomlaza. Mwenye mgonjwa kitandani, na daktari ameshamruhusu asimame, mwambie azime hiyo redio yako aende akamshike mkono."

Basi zimeni.