Donat Mwepu, Msomaji Aliyesimamisha Mashine

Ijumaa tarehe 31 Agosti 1962, Donat Mwepu atafunga saraka ya meza yake kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia ofisi ya mawakili Hanssens na Wenzake kwa miaka ishirini na saba. Hapa Elisabethville ofisi yetu inajulikana kwa kutetea wenye magazeti, wapiga chapa na watu wa redio. Sifa hiyo, kwa sehemu kubwa, ilitengenezwa mezani pake.

Alizaliwa Kabalo, mtoto wa mfanyakazi wa reli, akasomeshwa na mapadri. Mwaka 1935 aliajiriwa kupeleka barua mahakamani. Haikupita muda, Maître Hanssens akagundua kwamba tarishi wake huzisoma njiani barua zisizofungwa, na kusahihisha Kifaransa cha wakili mwenyewe. Badala ya kumfukuza, alimpa kiti.

Tangu hapo kazi yake imekuwa kusoma kurasa za Kiswahili kabla hazijapigwa chapa, akitafuta tusi, shutuma isiyo na ushahidi, au picha iliyochukuliwa bila ruhusa. Pembeni huandika maneno mawili tu: “Nani aliona?” Waandishi wamemwogopa kuliko hakimu.

Mwaka 1948 gazeti moja, ambalo halikupitia kwetu, liliweka picha ya golikipa maarufu chini ya tangazo la arusi ya mtu mwingine. Mke wa golikipa alifika ofisini kabla ya golikipa mwenyewe, akiwa na gazeti mkononi na dada zake watatu nyuma yake. Donat aliwapa viti, akawaandikia jibu la mistari minne, na gazeti likalazimika kulitoa ukurasa wa kwanza. Kesi ikaishia hapo. Golikipa, tunaambiwa, alirudi nyumbani baada ya siku mbili.

Lakini siku tunayotaka ikumbukwe ni ya Oktoba 1961, wiki chache baada ya mapigano ya mjini kati ya askari wa Katanga na wa Umoja wa Mataifa.

Maître Hanssens alikuwa amekwama ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa. Saa sita mchana gazeti moja dogo la mtaa wa Katuba lilileta kurasa zake. Katikati kulikuwa na orodha ya majina kumi na tisa, pamoja na namba za nyumba, chini ya kichwa kilichowaita wasaliti. Karibu wote walikuwa watu wenye asili ya Kasai, walioshukiwa kupinga Katanga kujitenga. Orodha hiyo ilikuwa imelifikia gazeti katika bahasha isiyo na jina la mtumaji. Kila mtu mjini alijua nini kingezipata nyumba zile, orodha ikitoka, kabla jua halijatua.

Jina la saba lilikuwa la Alexis Mbuyi, seremala. Donat alimfahamu. Alichukua baiskeli, akaenda Katuba kwenye nyumba ya jina la kumi na moja, aone kama ni mtu aliye hai. Akamkuta Angélique, mkunga, ndiyo kwanza ametoka kazini. Alimwuliza jina lake tu, akanywa maji aliyopewa, akashukuru, akaondoka. Hakutaka kumtia hofu kabla hajajaribu kuizuia orodha.

Alipofika kwa mpiga chapa, mashine ilikuwa inazunguka. Lucien, mwenye gazeti, hakuwa amengoja muhuri wetu wa idhini.

“Papa Donat, tumeshaanza,” alisema. “Kama siye hatutoe, bengine batatoa.”

“Basi batoe bao benyewe,” Donat akamjibu. “Simamisha. Uyu Mbuyi wa saba, tulimuzika Kwaresima ya 1959. Miye mwenyewe nilibeba sanduku. Muntu wa kufa anasaliti nani?”

Lucien aliisoma orodha upya, polepole, kisha akainua mkono. Mashine ikanyamaza. Kurasa zilizokwisha kutoka zilichomwa uani, na Donat hakubanduka mpaka yalipobaki majivu. Nafasi ikajazwa matokeo ya mpira na tangazo la sabuni.

Kesho yake wanaume wawili wasiojulikana waliingia ofisini wakiuliza nani alizuia orodha. Sote tuliinamisha macho. Yeye alisimama: “Ni miye.” Walimtukana, wakamtishia, wakaenda. Kwa wiki tatu yeye na mkewe Constance walihifadhiwa parokiani, na baadhi ya majirani hawakumsalimu tena.

Maître aliporudi alitaka kumtunukia zawadi. Donat aliomba kitu kimoja: iandikwe kwenye kila mkataba kwamba jina la mtu halichapwi kwa shutuma mpaka aulizwe kwanza. Leo magazeti manne yamekubali sharti hilo, na la Lucien lilikuwa la kwanza kutia sahihi.

Mwezi huu nilikwenda kumwomba Angélique ruhusa ya kumtaja hapa. Hakuwa amejua lolote. Aliwatazama watoto wake mlangoni, halafu akasema: “Mumuambie tuko bazima. Bote.”

Papa Donat, salamu hizo ni zako. Asante kwa miaka yote. Wewe na Mama Constance mfike salama Lukafu mnakokwenda kulima, mahindi yenu yastawi, na usingizi wenu uwe wa watu wenye amani.

Paulin, karani wa mafaili, kwa niaba ya wenzako wote