Melkiori Shirima na Kundi la Mengineyo

Ijumaa hii, Januari 31, 2020, Mzee Melkiori Shirima anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili katika idara yetu ya vitabu vya mwongozo hapa Plano. Kikombe chake cha chai ameshakibeba. Ubishi ametuachia.

Kazi yake ilikuwa miongozo ya pampu za dripu. Ndani yake mna kanuni ambazo kompyuta inaweza kuzikagua, na mna maelezo ya wauguzi kwa maneno ya kawaida. Mwaka 2018 tulijenga ontolojia, yaani mpangilio unaoieleza kompyuta kila kitu ni nini na kinahusianaje na vingine. Kanuni zilipata mahali pake mara moja. Maelezo ya wauguzi tuliyatupia kwenye kundi tulilolibatiza Mengineyo, na Njoroge, bosi wetu, akaamua yafutwe kabla ya Krismasi.

Mzee Melkiori alikataa katakata. Aliendesha gari hadi Houston, akakaa na wauguzi na kumuuliza kila mmoja maelezo yake yanafafanua kanuni ipi. Muuguzi Clara alikuwa ameandika kwamba kengele ikilia, utazame kama mgonjwa ameulalia mrija, kisha usubiri taa ya kijani. Alilalamika kwamba hata polisi hawahoji hivyo. Mzee alirudi kila maelezo yakiwa yamefungwa kwenye kanuni yake, pamoja na jina la mwenyewe. Njoroge aliona ni kupoteza muda, na alisema hivyo kila kikao.

Mwaka jana kanuni ya kengele ilibadilishwa. Mfumo wa kompyuta ukagoma kuchapisha mwongozo mpaka Clara ayasome tena maelezo yake yaliyofungwa kwenye kanuni hiyo. Aliposoma alishtuka, maana pampu mpya haina taa ya kijani. Muuguzi angesubiri tu, na dawa imesimama. Siku hiyo hiyo Njoroge alilifuta kundi la Mengineyo. Lilikuwa tupu.

Hatusemi hana kasoro. Kuna kikao kilichokula muda wetu wa chakula cha mchana akibishana kama skrubu ni ya pampu au ya kishikio chake.

Mzee naye ana maelezo aliyoyaandika mwenyewe kwa jina lake, na anayeondoka hurithisha maelezo yake. Lydiah, mwenzetu wa idara, amerithi yote ya Mzee, isipokuwa yale ya kwanza kabisa, yanayomtaka muuguzi amweleze mgonjwa pampu inafanya nini kabla ya kuiwasha. Hapo hakuna aliyekubali kuliondoa jina la Mzee. Kuanzia Jumatatu mfumo utalalamika kila asubuhi kwamba mwenye maelezo hayo hayupo kazini. Tumekubaliana tuuache ulalamike, maana ni kweli.

Asante sana, Mzee. Ukaishi vizuri huko DeSoto, na wajukuu usiwapange kwa makundi.