Kinyozi wa Langoni na Shahada Yake ya Jioni

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni binti wa kwanza wa marehemu, na nimepewa kazi ya kusoma maisha yake. Mama amenionya nisitie chumvi. Kwa baba huyu, chumvi haihitajiki.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1961 katika nyumba za watumishi nyuma ya hospitali ya wilaya, mtoto wa nne wa mkunga na dereva wa gari la wagonjwa. Bibi alikuwa akisema kwamba katika watoto wake wote huyu peke yake alichelewa kuzaliwa, na tangu hapo hakuwahi kufika mahali kabla ya dakika ya mwisho.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa mkabala na hospitali hiyo, kisha akajiunga na sekondari ya kutwa mwaka 1976. Akiwa kidato cha tatu alifiwa na baba yake, ikabidi aache shule. Jambo hilo lilimuuma, na hakulificha. Tulipoleta ripoti zetu nyumbani alizisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili yetu na mara ya pili kwa ajili yake.

Mwaka 1980 alianza unyozi, na baada ya kuhamahama akafungua kibanda kando ya lango la chuo kikuu. Kilikuwa na viti viwili, kioo chenye ufa na redio iliyoshika stesheni moja tu. Msimu wa mahafali foleni ilifika barabarani. "Vichwa vyote vinahitimu mikononi mwangu," alimwambia Mama, "isipokuwa hiki changu."

Basi mwaka 2009, chuo kilipotangaza kupokea watu wazima kwa mtihani maalumu, alijaribu akafaulu, akajisajili mkondo wa jioni kusomea shahada ya sayansi ya jamii. Kanuni mbili zilimhusu. Ya kwanza, amalize ndani ya miaka kumi. Ya pili, katika wiki mbili za mwanzo wa kila muhula mwanafunzi anaruhusiwa kuongeza somo au kuliondoa. Ile ya kwanza aliisahau, na hii ya pili aliipenda kupita kiasi. Aliingia madarasani kama mtu anayejaribu viatu dukani, hata wanafunzi wakambandika jina la Ongeza-Ondoa. Masomo mengine aliyamaliza, polepole. Takwimu, ambalo ni somo la lazima, ndilo lililomtoa jasho. Alijisajili kila mwaka, na kila mwaka mhadhiri alipochora jedwali la kwanza, yeye alielekea ofisi ya usajili kuliondoa. Nyumbani alituambia ameliweka kiporo.

Siku moja ya mwisho wa kubadilisha masomo alikuwa akimnyoa mhadhiri wa falsafa, ambaye yuko nasi hapa leo. Redio ikatangaza saa tisa na nusu, na ofisi hufungwa saa kumi. Marehemu akazima mashine. "Mwalimu, nisubiri kidogo, naenda kuondoa Takwimu." Mhadhiri, upande mmoja kipara na upande mmoja kichaka, alikataa kubaki pale wanafunzi wakipita, akamfuata na taulo shingoni. Afisa usajili aliwatazama wote wawili, akauliza anayesajiliwa ni nani. "Mimi," akajibu marehemu. "Huyu ni shahidi."

Kwenye ndoa hakuwa na mambo hayo. Alimuoa Mama, karani wa posta, tarehe 20 Desemba 1986, wakajaliwa watoto watatu. Mama hutamba kwamba yeye ndiye chaguo pekee ambalo marehemu hakulibadilisha, ingawa wiki mbili za mwanzo, anasema, ni yeye aliyekuwa anafikiria kwenda ofisini.

Mwaka 2018 alianza kusumbuliwa na moyo. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na miaka kumi nayo ilikuwa inayoyoma. Muhula wa Januari 2019 ulikuwa wake wa mwisho, na lililobaki lilikuwa Takwimu peke yake. Daktari alimsihi aahirishe masomo. "Daktari, sina pa kuahirishia," alisema. "Nikipumzika muhula huu, nimepumzika moja kwa moja." Tuligombana naye nyumba nzima. Hakusikia la mtu. Mdogo wetu wa mwisho akawa anampeleka kila jioni, anamsaidia kupanda ngazi. Siku ya kwanza walirudi usiku, tukamuuliza ameelewa nini. "Sijaelewa hata kidogo," alisema, na alikuwa amefurahi kuliko nilivyowahi kumwona. "Lakini leo nimekaa mpaka mwisho."

Alihudhuria wiki ya kwanza yote na siku tatu za wiki ya pili. Alfajiri ya tarehe 24 Januari 2019 alifariki akiwa usingizini, nyumbani kwake. Imetuuma sana.

Jioni hiyohiyo afisa usajili alikuja msibani, akaomba kusema na Mama faragha. Nilikuwa nimekaa naye.

"Mama, mwisho wa kuondoa masomo ni kesho. Nikimwondoa, rekodi yake inabaki safi. Nisipomwondoa, muhula ukiisha ataandikiwa ameshindwa."

Mama akauliza, "Ukimwondoa, itaonekana kwamba aliingia darasani?"

"Hapana. Itakuwa kama hakujisajili kabisa."

Mama akajifuta macho. "Basi mwache humohumo, mwanangu. Waandike ameshindwa. Mume wangu alikuwepo."

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto wa kiume mmoja, wajukuu watatu, na somo moja ambamo jina lake bado limo.

Mungu ampokee baba yetu na kumpa pumziko jema.